Nyumba Moja, Kitalu Kimoja

Kosa lilikuwa langu, na chanzo chake ni ubavu wa mbuzi. Nalisema mapema msije mkalisikia kwa Mzee Dadi, maana yeye akilisimulia mbuzi anageuka ng'ombe na mimi nageuka mwizi. Nilikabidhiwa jina moja tu nilitamke kwa niaba ya dada wa watu. Zamu yake ilipofika, nilikuwa na mfupa mdomoni. Jina halikutoka, na watu wawili waliokuwa wanapendana kama chai na tangawizi wakaacha kusalimiana.

Ngoja nianze vizuri. Mimi ni afisa ugani, diploma yangu ya kilimo imetundikwa sebuleni ambako mgeni haikwepi, na Kasulu nzima wananiita Bwana Shamba. Vijana wa Dar wana michezo yao ya kuunda timu kwenye simu, wanachagua mastaa wa Ulaya. Sisi tukaona Ulaya mbali, tukatunga wa kwetu, nikaupa jina la kazini kwangu: Kitalu. Kila mwanachama anachagua vijana watano kutoka timu za kata, wale ambao hata mtangazaji wa redio hajawahi kuwataja. Tunawaita miche. Mche ukifunga bao, alama ni yako. Timu kubwa ikiuchukua na ukafunga huko, bao linahesabiwa mara tatu. Mwenye alama nyingi msimu ukiisha anapewa Jembe la Dhahabu, ambalo ni jembe la kawaida nililolipulizia rangi mwenyewe nyuma ya nyumba. Msicheke. Kuna watu Kasulu wangeuza kitanda ili lile jembe litundikwe dukani kwao.

Sheria hazina longolongo. Mche hauuzwi, haugawiwi, haubadilishwi. Katibu, yaani mimi, akiita zamu, imeitwa, hairudi nyuma, maana zamani tulishawahi kurushiana viti. Na iko ya mwisho aliyoileta Mzee Dadi mwenyewe: nyumba moja, kitalu kimoja. Watu wa nyumba moja wanaunganisha miche yao na alama zao, na nyumba inaanza kuhesabiwa tangu posa ikubaliwe. Mzee Dadi aliipigania sheria hiyo mpaka sauti ikamkauka, kwa sababu mke wake, Bi Swaumu, alikuwa na miche mizuri kuliko ya kwake. Tukaipitisha. Msimu uleule Mzee Dadi akatundika jembe juu ya mlango wa duka lake la vyombo, na hajalishusha tangu hapo.

Duka la pili yake ni la vitenge. Mwenye duka ni Mwamvua, mtoto wa marehemu kaka yake, na huyu ndiye aliyekuwa analitaka lile jembe kuliko sisi wote. Kila asubuhi akifungua mlango, baba yake mdogo anamwita kutoka kwenye kiti chake.

"Mwanangu, unaliona linavyong'aa?"

"Naliona, Bamdogo."

"Liangalie vizuri. Hapo ndipo mwisho wako wa kulikaribia. Mpira una wenyewe."

Mwamvua anacheka na kuingia ndani. Lakini ndani humo, akikunja vitenge, anavikunja kama anamkunja mtu.

Sasa twende Makere, siku ya gulio.

Gulio la Makere lilikuwa limefurika. Maharage mafungu kwa mafungu, ndizi, samaki wa migebuka waliokaushwa, wanaokusalimia kwa harufu kabla hujawaona, na moshi wa mahindi ya kuchoma unaomfuata mtu machoni. Uwanja wa mpira uko pembeni, na timu ya Makere ilikuwa inacheza na wageni wao kutoka Kakonko. Mwamvua alisimama karibu na kibendera cha kona. Alivaa dera la rangi ya ndimu, ushungi mweupe, na chini raba nyeupe ambazo vumbi la huku lilikuwa limeshazipaka wekundu. Mkononi ameshika kikapu kitupu. Pembeni yake akaja kusimama kijana mrefu, shati la drafti, kofia ya kufuma imeegemea sikio moja, ameshika kamba ya katani.

"Dada, samahani, nakuziba?"

"Hunizibi. Hata siangalii mpira. Nimekuja kununua maharage."

"Mimi pia siangalii. Nimekuja kutafuta mbuzi."

Mpira ukaenda wingi ya kushoto, kwa kijana mwembamba jezi namba kumi na moja. Akawapita wawili kama anapita kwenye migomba ya bibi yake. Kikapu cha Mwamvua kikashuka, kamba ya yule kijana ikaanguka.

"Kaka."

"Naam."

"Huyo mbuzi wako anavaa jezi namba kumi na moja?"

Kijana akaokota kamba yake taratibu. "Na hayo maharage yako, dada, yanapiga krosi na mguu wa kushoto?"

Mwamvua akacheka mpaka mwenye migebuka akageuka. "Wewe ni mwanakitalu!"

"Wa mwaka huu, kutoka Kibondo. Badru, nauza spea za pikipiki."

"Badru Spea? Yule wa kwenye grupu mwenye picha ya tairi?"

"Ndiyo. Na wewe?"

"Mwamvua."

Badru akamwangalia kuanzia ushungi mpaka raba, halafu akashika kichwa. Jamani, kijana wa watu, kwa kusikia jina tu, na kwa jinsi dada yetu anavyokaripia watu kwenye grupu, alijua ni bibi wa miaka sabini. Tangu ajiunge alikuwa anamwamkia kila asubuhi.

"Mwamvua Vitenge? Mimi... mimi nimekuwa nakupa shikamoo!"

"Na mimi nimekuwa naitikia. Tena leo hujaniamkia."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, kamtafute mbuzi, mechi imeshaisha."

Hakumtafuta mbuzi. Alimsindikiza Mwamvua mpaka stendi akiwa ameshika kikapu kitupu, na waliokuwa njiani wanasema walionekana kama watu wanaorudi kutoka shamba lao wenyewe. Msiniulize nimejuaje. Wamenisimulia wote wawili, na palipobaki pengo nimepanda mwenyewe, ndiyo kazi niliyosomea.

Basi zikaanza simu. Kibondo na Kasulu siyo mbali kwa gari, lakini mtu mwenye duka hafungi duka kwa sababu ya macho ya mtu. Wakabaki kuongea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekula, mjukuu wangu?"

"Nimekula, ila sijashiba. Sijasikia umecheka."

"Weee! Hayo maneno ya Kibondo au umeyatoa redioni?"

"Ya kwangu. Redioni wanayachukua kwangu."

"Haya, niambie. Umemwona yule beki wa Kakonko?"

"Nimemwona. Mzito. Akigeuka, anageuka kama lori la mkaa."

"Na yule mshambuliaji mnayemsifia huko kwenu?"

"Mpenzi, huyo usimguse. Nakwambia kwa sababu nakupenda. Ana mguu mmoja na ule mmoja nao anauogopa."

Hapo ndipo neno "nakupenda" lilipotamkwa mara ya kwanza, limepenyezwa kati ya beki na mshambuliaji. Mwamvua alilisikia vizuri sana, akajifanya mtandao umekata, akakata simu, akakaa juu ya marobota ya vitenge akiutazama ukuta na kutabasamu. Mteja aliingia akatoka bila kuhudumiwa.

Siku ya kuchagua ilipokaribia, Mwamvua akamfungulia moyo.

"Badru, nakwambia kitu. Mpawenimana nimemwona mimi kabla ya mtu yeyote. Namba kumi na moja wa Makere. Nilimwona akiwa bado anacheza peku. Mwaka huu timu kubwa zitamchukua, na mimi nitamshusha Bamdogo na jembe lake. Nakuomba usimchague."

"Mwamvua, mimi nilikuja Makere kwa ajili yake."

"Najua."

"Sitamchagua. Wallahi. Mche ni wako. Mimi nimeshapata cha Makere."

"Umepata nini Makere?"

"Bibi."

Sasa njooni kwenye aibu yangu. Tulichagulia kwenye hoteli moja pale Kasulu mjini, mchana, meza tumeziunganisha, na Mzee Dadi kama bingwa ametoa mbuzi wa kuchoma. Mwamvua hakuwepo. Mzigo wake wa vitenge kutoka Kongo ulikuwa umeingia Kigoma na ilibidi aende bandarini mwenyewe. Alinipigia asubuhi.

"Bwana Shamba, kule kelele tupu, simu sitaisikia. Mimi ndiye wa kwanza. Ukiita zamu yangu, sema neno moja tu: Mpawenimana. Umeshika?"

"Mama, nimeshika kama mkaa wa moto."

Nilichoshika saa yenyewe ilipofika kilikuwa ubavu. Mpangilio ulikuwa Mwamvua, halafu Badru, halafu Mzee Dadi. Watu wakapiga kelele, "Katibu, anza!" Nikaangalia viti. Kiti cha Mwamvua kitupu. Macho yangu yakaruka yakatua kwa Badru, na mfupa ukiwa mdomoni nikasema, "Badru!"

Badru akanikazia macho. Akakohoa. Akanionyesha kile kiti kitupu kwa kidevu. Mimi, Mungu anisamehe, nikadhani anaomba kachumbari, nikamsogezea bakuli.

"Zamu imeitwa," akasema Mzee Dadi akijifuta mikono. "Kijana, chagua haraka. Mimi wangu namjua. Tangu asubuhi nina jina la Makere mdomoni."

Mfupa ukanianguka. Nikaelewa yote kwa mpigo. Na Badru alikuwa ameelewa kabla yangu: akimwacha Mpawenimana, Mzee Dadi anamchukua papo hapo. Akimchukua yeye, anavunja kiapo chake. Alifumba macho kidogo.

"Mpawenimana," akasema.

Mzee Dadi akapiga meza mpaka pilipili ikamwagika. Zamu ya Mwamvua niliiita mwishoni, nikamchagulia kipa mmoja ambaye baadaye tuligundua anaufumbia mpira macho. Wengine wake wanne, wa raundi zilizofuata, kwa bahati walikuwa wazuri.

Nje ya hoteli nikamshika Badru mkono. "Mdogo wangu, nisitiri. Katibu akikosea zamu anavuliwa kazi. Nitamwambia mwenyewe, kwa adabu. Wewe usiseme neno."

"Utamwambia lini?"

"Leo hii."

"Nakuamini, kaka."

Nilitembea kuelekea nyumbani nikipanga maneno. Mzee Dadi hakupanga. Alipiga simu palepale, na akacheka mpaka bandarini Kigoma wakasikia.

"Mwanangu! Yule mjukuu wako wa Kibondo kakung'olea mche! Zamu ya kwanza tu, hata hakupepesa! Nilikwambia, wanaume wa mpira wanayapenda macho yako kwa sababu yanajua kuona wachezaji."

Mwamvua akampigia Badru akiwa amesimama katikati ya marobota, wapagazi wanampita huku na huku.

"Shikamoo, b..."

"Usiniamkie. Umemchagua Mpawe?"

"Nimemchagua. Lakini Mwamvua..."

"Kwa nini?"

"Kuna maelezo. Ila siyo yangu kuyatoa. Nisubiri kidogo tu, mpenzi."

"Maelezo yako, mdomo wako, halafu siyo yako kuyatoa? Ya nani, ya mbuzi?"

"Nakuomba."

"Ulisema umekuja Makere kutafuta mbuzi, nikacheka. Kumbe mbuzi mwenyewe ni mimi. Umenifunga kamba, umenipeleka mpaka stendi, na kikapu umenibebea. Nenda salama, Badru."

Akamfungia simu, WhatsApp, kila mlango.

Na mimi? Nilisema kesho. Kesho ikafika, nikasema mvua inanyesha. Mvua ikakatika, nikakumbuka semina ya mihogo. Kila Badru akinipigia, "Kaka, umemwambia?" namjibu, "Niko njiani." Njia ile ilinichukua mpaka mahindi ya watu yakabeba. Badru hakunisaliti hata siku moja. Alikonda. Wateja wake wanasema ukimwomba plagi anakupa cheni.

Siku moja nikapita mbele ya duka la vitenge. Mzee Dadi yuko kwenye kiti chake, jembe juu ya kichwa. "Mwanangu, unaliona?" Safari hii Mwamvua hakujibu, hakucheka, hakuangalia. Aliingia ndani tu. Mzee mwenyewe akashtuka, akashusha macho. Hapo nikaona aibu ya kuvuliwa ukatibu ni ndogo sana. Nikaingia.

Alikuwa anapima kitambaa. "Karibu, Bwana Shamba. Doti ngapi?"

"Sitaki doti, mama. Nimekuja kutubu."

Nikamwambia yote: mfupa, kiti, kidevu, kachumbari. Nilipofika kwenye kachumbari akaweka chini ile fimbo ya kupimia, nikashukuru, kisha akaiokota tena.

"Yaani alichagua ili Bamdogo asimpate?"

"Ndiyo."

"Na akanyamaza kwa sababu ulimwomba?"

"Ndiyo, mama."

"Muda wote huu?"

"Ndi..." Fimbo ikanipata begani. Siyo kwa nguvu sana. Halafu akakaa chini, akajifunika uso na kile kitambaa, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka akasema, "Kachumbari! Bwana Shamba, kachumbari!" Alikuwa anafanya vyote.

"Toa simu," akaniambia baadaye. "Sema kwenye grupu. Kwa sauti, siyo kuandika. Nataka wakusikie unavyotetemeka."

Nikasema. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimevuliwa ukatibu kwa kauli moja, na Bi Swaumu amewekwa badala yangu. Badru akanipigia.

"Kaka, umebomoa, sasa utajenga. Nakutuma uwe mshenga wangu. Peleka posa kwa Mzee Dadi."

"Kwa Mzee Dadi? Yule yule?"

"Kwani Mwamvua ana baba wadogo wangapi?"

"Sawa, mdogo wangu. Niko njiani."

Najua mnachofikiria. Mnanijua sasa.

Siku ya kufunga msimu tulikusanyika Kibondo. Heru Kombaini ya Kasulu walikuwa wageni wa Nyuki ya Kibondo, na kwenye wingi ya kushoto ya Heru alisimama Mpawenimana, jezi mpya imemzidi mabega. Timu kubwa ilikuwa imemchukua, kama Mwamvua alivyosema siku ile. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya malori. Mzee Dadi alikuja na jembe lake kabisa, amelifunga kitambaa, ili akabidhiwe tena mbele za watu. Alikuwa anaongoza kwa alama. Badru nyuma yake kidogo, Mwamvua nyuma ya Badru.

Badru alisimama peke yake upande wa jua. Akasikia sauti nyuma yake.

"Kijana, husalimii wakubwa?"

Akageuka. Mwamvua alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani chenye maua ya njano, mikono mipana, ushungi wa njano, hina mpya mpaka kwenye viwiko. Miguuni zile raba zilezile, ila zimefuliwa.

"Shi... shikamoo, bibi."

Mwamvua akamwacha aungue kidogo. "Marahaba. Umekonda."

"Nilikosa mtu wa kuniuliza kama nimekula."

"Kwa nini hukuniambia tu, Badru? Neno moja!"

"Nilikuwa nimeshavunja kiapo kimoja siku ile. Nikasema cha pili nisivunje."

"Hata kama unanikosa?"

"Hapo ndipo nilipoumia."

Mwamvua akaangalia uwanjani, macho yanameta. "Mpumbavu wangu," akasema polepole, na wa Kibondo wote waliokuwa karibu wakasema kwa Kiha, "Ego!" yaani ndiyo.

Mechi ilikuwa ngumu, bila bila, mpaka mwishoni kabisa. Mpira ukatoka kwa kipa, ukaruka, ukamkuta Mpawenimana kwenye mstari. Akampita wa kwanza. Mwamvua akamshika Badru mkono. Akampita wa pili. Badru akaacha kupumua. Akaingia ndani, mguu wa kushoto, mpira ukapinda kama njia ya zamani ya kwenda Makere, ukaingia kwenye pembe.

Kelele zile! Nyuki walikaa kimya, Kasulu tulipaa. Mwamvua alikuwa anaruka na raba zake, "Nilimwona mimi! Nilimwona akiwa peku!" Badru anaruka naye.

Bi Swaumu akasimama juu ya benchi, akapiga hesabu kwa vidole, akatangaza kwa sauti ya adhana: "Bado bwana wangu anaongoza! Kwa alama moja!"

Mzee Dadi akaanza kulifungua jembe. Tena taratibu, ili tuumie.

Badru akamgeukia Mwamvua. "Mche hauuzwi," akasema.

"Haugawiwi," akasema Mwamvua.

"Lakini nyumba moja..."

Mwamvua akanyamazisha kicheko. "Badru, unaniposa kwa ajili ya jembe?"

"Jembe? Posa yako nilishaituma tangu wiki iliyopita! Muulize Bwana Shamba."

Wakanigeukia wote wawili. Nikaangalia viatu vyangu.

"Niko... niko njiani," nikasema.

"Umekaa na neno langu TENA?" wakapiga kelele kwa pamoja, na kwa pamoja wakanisukuma. Refa alikuwa anaangalia saa yake, na filimbi ikilia msimu umeisha. Nilikimbia kwa kitambi hiki kupita nyuma ya goli, nikapiga goti mbele ya Mzee Dadi nikihema.

"Mzee wangu... nimetumwa... kuna kijana ameona ua kwenye bustani yako. Badru wa hapa Kibondo anamposa Mwamvua."

Mzee Dadi akaacha kufungua kitambaa. Akaniangalia mimi, akaangalia wale wawili wanaokuja, akamwangalia mke wake kwenye benchi.

"Sasa hivi? Hii ni posa au hujuma?"

"Mzee, sitakudanganya. Ni vyote viwili."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Nikisema njooni kesho?"

"Kesho posa itakuwa nzuri vilevile," akasema Badru kwa heshima, ameshafika. "Na jembe litakuwa lako. Nitakuja, Mzee. Kesho, keshokutwa, nitakuja tu."

Mzee Dadi akalipapasa lile jembe. Nilimwona akimwangalia mtoto wa kaka yake, na nafikiri alikumbuka ile asubuhi binti huyo alipopita bila kumjibu. "Sheria yenyewe niliileta mimi," akanung'unika. "Kwa mdomo wangu huu." Akamgeukia Mwamvua. "Haya. Wewe mwenyewe unasemaje, mwanangu? Unamtaka huyu?"

Sasa, Mwamvua tunamjua. Mwamvua hajawahi kuulizwa kitu akakosa jibu. Anajibu wateja, anajibu madereva, anajibu mpaka redio. Tukasubiri. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akavuta ushungi wa njano ukamfunika nusu ya uso, akainamia raba zake, na hakusema kitu.

Kimya kile kwa desturi yetu kila mtu anajua maana yake. Bi Swaumu akapiga kigelegele cha kwanza.

"Amenyamaza!" akasema Mzee Dadi, na sauti ikamtetemeka. "Amenyamaza mtoto huyu! Basi nimekubali. Mbele ya Mungu na mbele ya Kibondo, nimekubali."

Filimbi ikalia.

Sikumbuki vizuri kilichofuata, nilikuwa nimebebwa juu juu na watu ambao sijui kama walitaka kunipongeza au kunitupa. Nakumbuka Bi Swaumu akihesabu upya na kutaja nyumba mpya. Nakumbuka Mzee Dadi akimkabidhi Mwamvua jembe kwa mikono miwili, akamwambia, "Haya, sasa mimi ndiye nitakuwa naliangalia." Na Mwamvua, ulimi umesharudi mahali pake, akamjibu, "Liangalie vizuri, Bamdogo. Hapo ndipo mwisho wako wa kulikaribia," kisha akamkumbatia mpaka kofia ya mzee ikaanguka. Mpawenimana alipita amebebwa, hajui kwamba ameozesha mtu.

Nikah ni mwezi ujao, Kasulu. Jembe litatundikwa kwenye duka la vitenge, na Badru anahamishia spea zake mlango wa tatu. Wanabishana mpaka sasa kuhusu yule kipa anayefumba macho, kama wambakize msimu ujao au wamsamehe.

Jana jioni nikaona na mimi nijaribu. Nikaandika kwenye grupu: "Ndugu wanakitalu, amani kwenu. Mbuzi wa nikah nimeahidi sitamgusa mpaka kazi iishe. Naombeni mnirudishie ukatibu wangu. Mwenye kupinga aseme."

Wamesoma wote, wamenyamaza.